Setapu ya Windows 11 inakufa katikati na 0x80070570, kila mara asilimia tofauti. Maandalizi gani yamerukwa?

#1 Sindano_Ndefu
Wakuu, salaam.

Laptop ilikuwa ya ofisini, imetumika Ulaya: i5-8350U, RAM 8+8, diski ya NVMe ya GB 256. Mwenyewe anataka Windows 11 safi, kisibaki kitu cha zamani. Data zake zimeshahamishwa kwenye diski ya nje na zimefunguliwa kwenye mashine nyingine zikakubali, kwa hiyo upande huo nimetulia.

Kabla ya kuanza: TPM 2.0 (chipu ya usalama) imewashwa kwenye BIOS, Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) imewashwa, buti ni UEFI, njia mpya, peke yake. Flashi ya GB 16, ISO (faili moja yenye Windows nzima) imepakuliwa leo, imeandikwa kwa programu ya Rufus, mpangilio wa patisheni GPT. Patisheni zote zimefutwa, imebaki nafasi tupu moja, nikabonyeza kuendelea.

Inakopi faili mpaka 37% inasimama na 0x80070570, inalalamika kwamba faili inazohitaji zimeharibika au hazipo. Nikarudia, ikafia 61%. Nikarudia tena, 42%.

Kati ya ISO, flashi, RAM na diski, nani mwongo? Na unamkamataje kabla hujafuta chochote? Hili lilitakiwa lionekane mapema.

#2 Mzee_wa_Diski
Anza na ISO. Uliihakiki? Kwenye mashine uliyopakulia andika:

`certutil -hashfile C:\Users\jina\Downloads\Win11.iso SHA256`

Itatoka namba ndefu yenye tarakimu na herufi 64. Linganisha na ile ya lugha yako kwenye ukurasa uleule wa Microsoft unaopakulia. Ikitofautiana hata herufi moja, futa, pakua upya. Mtandao ukiyumba katikati ya faili ya GB kadhaa, kivinjari kinaweza kukuambia imekamilika na wala haijakamilika.

#3 Bi_Patisheni
#2, ISO mbovu ingefia palepale kila mara. Karibu mzigo wote wa Windows umo ndani ya faili moja, `sources\install.wim`. Kama kuna kipande kimeoza humo, setapu ikifika hapo inagonga ukuta, leo na kesho. Hii inayotembea 37, 61, 42 ni kitu kinachobadilika kila mashine ikiwashwa. Mimi nasema RAM. Faili hufumuliwa ndani ya RAM kabla ya kuandikwa diskini, biti moja ikigeuka hesabu ya faili haikubali na unapewa kodi hiyohiyo ya kosa.

Toa kipande kimoja, jaribu. Kisha badilisha.

#4 Msumari_wa_Moto
Mbona mnaikimbia flashi? Flashi ya bei ya kutupa ni mtuhumiwa namba moja. Kuna zilizoandikwa GB 16 ndani zina GB 4, kidhibiti kimechezewa kiseme uongo. Unaandika ISO, haikulalamikii, ila kilichopita GB 4 kimekwenda hewani. Pima kwa programu ya H2testw: fomati flashi, iache iijaze yote, kisha isome tena na kulinganisha. Kwa Linux kuna `f3write` na `f3read`. Nusu saa ya subira inakuokolea siku nzima.

#5 Kipanga_Mweusi
Umechomeka flashi kwenye tundu la USB la bluu? Setapu haina draiva ya USB 3. Hamia USB 2, utakuja kunishukuru.

#6 Mzee_wa_Diski
#5 hiyo ilikuwa Windows 7, kaka. Tangu Windows 8 draiva ya USB 3 imo ndani ya Windows yenyewe, na ya setapu pia. Isingekuwepo, asingefika hata 1%.

Ila kuhamisha tundu kuna faida kwa sababu nyingine: laptop za ofisini tundu la upande wa kulia, la kipanya, huwa limelegea. Shika flashi ikiwa imechomekwa, itikise taratibu. Ikicheza, hamia upande wa pili.

#7 Kipanga_Mweusi
Nakubali, ni Windows 7. Ushauri wa kuhama tundu nabaki nao.

#8 Bi_Patisheni
Na #4 nimrekebishe kidogo. Flashi feki inaharibu palepale kila mara, kwa sababu data haikuwahi kuandikwa. Haielezi asilimia kutembea. Inayoeleza ni flashi halisi iliyochoka: leo seli inasomeka, kesho haisomeki.

#9 Msumari_wa_Moto
Basi ni flashi iliyochoka. Bado ni flashi, dada 😀

#10 Kaskazini_Mtulivu
Mnabishana kitu kinachopimika. Weka Linux Mint kwenye flashi ya pili, buti mashine hiyohiyo bila kusakinisha, kisha chomeka flashi ya Windows. Ingia kwenye folda ya `sources`:

`sha256sum install.wim`

Andika namba pembeni. Rudia mara tatu. Halafu fungua ISO kwenye kompyuta nzima, pima install.wim iliyomo.

Namba zote sawa: flashi na tundu havina kesi, ISO ikiwa nayo imehakikiwa kama #2 alivyosema.
Namba tatu zinafanana zenyewe kwa zenyewe lakini hazifanani na ya ISO: flashi iliandikwa vibaya.
Namba zinabadilika kila mara: RAM, tundu, au flashi iliyochoka.

#11 Mpima_Volti
#10 kipimo kizuri ila kina mtego. Mara ya pili na ya tatu Linux haisomi flashi, inasoma nakala iliyobaki kwenye RAM. Utapata namba tatu zinazofanana na hujapima kitu. Kila raundi: iondoe flashi kwa utaratibu, ichomoe, ichomeke tena, ndipo upime. Utajua kwa muda: kusoma flashi kweli kunachukua dakika kadhaa, ikirudi kwa sekunde chache ujue imesoma RAM.

#12 Kaskazini_Mtulivu
Kweli kabisa, hilo sikulisema. Asante.

#13 Mwanakwetu254
Diski hamjaigusa. Kodi hiyo hutokea pia setapu ikiandika mahali pabovu na kushindwa kukisoma ilichoandika. Ukiwa bado kwenye Linux:

`sudo smartctl -a /dev/nvme0`

Kwa NVMe angalia mistari mitatu. `Media and Data Integrity Errors` inatakiwa iwe 0. `Percentage Used` ni umri wa kuandikwa, ikipita 100 diski imemaliza muda aliouahidi mtengenezaji, ingawa inaweza kuendelea. `Available Spare` ikishuka chini ya kizingiti kilichoandikwa mstari unaofuata, usiweke Windows ya mtu humo. Kwa diski za SATA, aina ya zamani, mnaangalia mistari namba 05, C5 na C6. C5 ikiwa si sifuri kuna sekta zinazosubiri kufa, na kufomati kwa haraka hakuziponyi.

Kama programu haimo kwenye Mint yako: `sudo apt install smartmontools`.

#14 Chaja_Moja
Na joto je? Laptop ya umri huo pesti ya prosesa imekauka, kopi ya faili nyingi inapandisha moto.

#15 Mpima_Volti
Prosesa ikichemka inapunguza mwendo, ikizidi mashine inazima. Haitoi kodi ya faili mbovu. Kwa joto ningeihofia RAM yenyewe, iliyo karibu na bomba la kupoozea, kuliko prosesa. Lakini pesti ibadilishwe tu, haidhuru.

Betri nayo ipimwe kabla ya kufuta. Betri iliyokufa na umeme wa kukatika ni mchanganyiko mbaya: setapu ikikatwa katikati unaanza upya, apdeti ya BIOS ikikatwa unaweza usiwashe tena. Ndiyo maana laptop nyingi zinakataa kuapdeti BIOS bila chaja na betri yenye chaji.

#16 Neema_wa_Hesabu
Samahani kwa kudandia uzi. Kompyuta ya dukani bado ina Windows 10, na apdeti za bure zilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Tunataka kuiweka 11 safi. Humo kuna programu za hesabu TallyPrime na QuickBooks, na barua pepe za Outlook. Kukopi Documents na Desktop kunatosha?

#17 Bi_Patisheni
Hakutoshi, dada Neema. Hapo ndipo watu wanapolia.

Tally kwa kawaida data zake ziko `C:\Users\Public\TallyPrime\data`, nje kabisa ya folda yako. Na kabla ya kufomati, ingia kwenye Tally urudishe leseni kwao kupitia menyu ya leseni, maana imefungwa kwenye mashine hiyo. Ukifuta kwanza, utaanza kuomba. QuickBooks tafuta faili zote zinazoishia `.QBW`, mara nyingi ziko `C:\Users\Public\Documents\Intuit`, lakini usiamini, tafuta diski nzima. Chukua na za `.TLG` zinazokaa pembeni yake. Outlook: `.PST` ndiyo ya kubeba; `.OST` ni kivuli cha kilichoko kwenye seva, haikusaidii ukiihamisha.

Kama OneDrive imewashwa, angalia alama ya wingu kwenye faili. Faili yenye wingu haipo kwenye kompyuta, ni jina tu.

#18 Kaskazini_Mtulivu
Kwa kukopi usivute na kudondosha. Tumia hii:

`robocopy C:\Users\neema E:\Bekapu\neema /E /COPY:DAT /XJ /R:1 /W:1 /LOG:E:\kopi.txt`

`/XJ` ni muhimu: ndani ya AppData kuna njia za mkato za mfumo zinazojirudia, bila hiyo unaweza kuzunguka humo mpaka diski ijae. `/R:1 /W:1` kwa sababu robocopy ikiachwa yenyewe hujaribu faili iliyogoma mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara. Mwisho fungua kopi.txt, jedwali lililo karibu na mwisho lina safu ya zilizoshindwa (FAILED). Isiposoma 0, panda juu uone ni zipi. Folda ya Public fanya amri yake pekee.

#19 Mzee_wa_Diski
Na kabla ya kugusa BIOS, Neema, fungua dirisha la amri (CMD) kama msimamizi:

`manage-bde -status`

Kama C: imefungwa na BitLocker (kufuli la diski la Windows), chukua ufunguo wa tarakimu 48:

`manage-bde -protectors -get C:`

Upige picha kwa simu, au uandike kwenye karatasi. Usiuhifadhi kwenye C: hiyohiyo.

#20 Chaja_Moja
Lakini kama anafuta kila kitu ufunguo wa nini? Si unaondoka na patisheni?

#21 Mzee_wa_Diski
Kwa sababu kati ya leo na kufuta atawasha mashine mara tano. Atazima Secure Boot ili apime RAM kwa Memtest86+, akirudi Windows inamdai zile 48. Hapo ndipo anapokumbuka kuna faili hakukopi. Anayetaka kuchezea BIOS na bado anaihitaji Windows ya zamani asimamishe ulinzi kwanza: `manage-bde -protectors -disable C: -rc 0`. Akimaliza, `-enable`.

Tena Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 ukiisakinisha safi na akaunti ya Microsoft, mara nyingi inajifungia diski yenyewe. Ufunguo unakaa kwenye akaunti hiyo. Fundi akiingiza akaunti yake kwenye mashine ya mteja, ufunguo wa mteja unabaki kwa fundi. Msifanye hivyo kabisa, jamani.

#22 Mwanakwetu254
Hilo la mwisho liandikwe ukutani kwa kila duka.

Niongeze kuhusu hizi laptop za ofisini kutoka nje. Kabla ya kufuta, angalia kama BIOS ina nywila na kama kampuni ya zamani imeitoa mashine kwenye usajili wao. Kwenye Windows iliyopo andika `dsregcmd /status`. Ikiandika `AzureAdJoined : YES` ujue bado ina mwenyewe. Lakini hata ikiandika NO usipumue, kwa sababu usajili wa Autopilot (huduma ya Microsoft ya kusimamia mashine za makampuni) uko kwenye seva, umeshika alama za mashine yenyewe. Unafuta, unaweka Windows mpya, ukiunga mtandao tu inakuja skrini ya kukukaribisha kwenye kampuni usiyoijua. Anayeweza kuitoa ni kampuni hiyo. Kabla ya kulipia, iwekwe Windows mpya, unga Wi-Fi kwenye skrini zake za kwanza, ujionee.

#23 Kipanga_Mweusi
Nauliza: wengine kwenye setapu diski haionekani kabisa, orodha tupu. Nao ni kodi hii?

#24 Bi_Patisheni
Hapana, hiyo habari nyingine. Intel kuanzia kizazi cha 11 laptop nyingi zimewashwa VMD (kidhibiti cha diski cha Intel), setapu haioni NVMe mpaka uipe draiva ya Intel RST. Pakua kwa mtengenezaji wa laptop, ifumue mpaka uone faili za `.inf`, weka folda hiyo kwenye flashi, bonyeza sehemu ya kupakia draiva. Ukiipa faili ya `.exe` haiisomi. Njia nyingine ni kuzima VMD kwenye BIOS, lakini ukifanya hivyo wakati Windows ya zamani bado unaihitaji, haitawaka. Ya mleta uzi ni kizazi cha 8, haimhusu.

#25 Mpima_Volti
Na draiva za Wi-Fi zihifadhiwe mapema: `pnputil /export-driver * E:\Draiva`, folda iwepo kwanza. Setapu ya 11 inadai intaneti mwishoni, na Wi-Fi isipotambulika unakwama. Simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, Windows inaitambua bila draiva. iPhone inataka draiva yake kwanza. Zima data baada ya kuvuka hatua hiyo, kwa sababu apdeti zinaanza kula bando bila kukuuliza.

#26 Chaja_Moja
Yenye diski mbili, moja ya data, naichomoa?

#27 Kaskazini_Mtulivu
Chomoa waya kabisa. Setapu ikikuta patisheni ya EFI kwenye diski ya data inaweza kuweka faili za kubutia humo, siku ukiitoa diski hiyo Windows haiwaki. Na kwenye `diskpart` hata flashi ni diski: soma ukubwa wake kabla ya `select disk`, andika `list disk` tena uone nyota iko kwa ipi, ndipo `clean`. Usiandike `clean all` kwenye SSD, inaandika sifuri diski nzima bila faida yoyote.

#28 Sindano_Ndefu
Nimerudi, ahsanteni. Majibu:

ISO: namba zinafanana na za Microsoft.
Flashi: nimepima install.wim mara tatu kwa kuchomoa na kuchomeka kama #11 alivyoagiza. Mbili sawa na ISO, ya tatu tofauti.
Diski: makosa 0, `Percentage Used` 11.
Memtest86+: raundi mbili nzima, hakuna kosa hata moja. RAM moja ni ya kasi ya 2400, nyingine ya 2666.
Nikaandika flashi nyingine, mpya. Ikafia 54%.
Mwisho nimetoa RAM ya 2666, nimehamia tundu la kushoto, flashi ileile mpya. Imekwenda mpaka mwisho. Windows imewaka.

#29 Bi_Patisheni
RAM. Nilisema tangu #3.

#30 Mzee_wa_Diski
Memtest imepita safi raundi mbili, dada. Na 2400 na 2666 zinakaa pamoja, zote zinashuka kwenye 2400, ambayo ndiyo kikomo cha prosesa hiyo. Tundu la kulia ndilo limelegea, na ile namba ya tatu tofauti ni ushahidi.

#31 Bi_Patisheni
Raundi mbili ni chache. Kosa la RAM linaweza kutokea raundi ya sita, mashine ikiwa imepata moto. Na namba ya tatu ilipita kwenye RAM hiyohiyo, haimtaji mwizi.

#32 Msumari_wa_Moto
Flashi ya kwanza bado haijapimwa kwa H2testw, nalisema hilo.

#33 Mpima_Volti
Sindano, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja, RAM na tundu. Kwa hiyo hatujui. Usiikabidhi hivyo, kwa sababu kama ni RAM na ukairudisha, mteja ataanza kupata skrini ya bluu wiki ijayo na faili zake zikiharibika kimyakimya.

Rudisha ya 2666 peke yake, kwenye tundu lilelile la RAM ilipokuwa. Memtest usiku kucha, raundi nne au zaidi, mfuniko wa chini umefungwa ili joto liwe lile la kawaida. Ikipita, ihamishie tundu la pili la RAM, rudia. Kisha weka zote mbili. Kabla ya hapo futa miguu ya dhahabu ya RAM kwa pombe ya isopropili, uache ikauke. Asubuhi pima install.wim mara tano kwenye tundu la kulia na mara tano kushoto.

#34 Sindano_Ndefu
Sawa mkuu. Nimesafisha, ya 2666 iko peke yake, mfuniko umefungwa, chaja ipo. Raundi ya kwanza iko 18%, makosa 0.

#35 Neema_wa_Hesabu
Nami kopi.txt inasema zilizoshindwa ni 3. Mbili ni za muda za kivinjari. Ya tatu inaishia .QBW.

#36 Kaskazini_Mtulivu
QuickBooks iko wazi. Ifunge, na kama mashine ndiyo seva ya wenzako simamisha huduma yake, endesha amri ileile tena. Itabeba zilizobaki tu. Usifute chochote mpaka uifungue hiyo faili kwenye kompyuta nyingine na kuona salio la jana.